Bomba la PVC limepinda kwenye sola: je, kuna dawa ya joto?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi bomba hapa Njombe. Mwaka jana nilifunga hita ya sola kwenye nyumba ya wageni, nikatoa maji ya moto kwa mabomba ya PVC kwa sababu mwenye nyumba alisema hela imekwisha. Kiangazi kilipoingia mabomba yakapinda kama nyoka, na viungo viwili nilivyotanua kwa moto vikachomoka. Muuza duka mmoja ananiambia nichukue CPVC, mwingine PPR, wa tatu anasema yote ni plastiki tu, ila hayo ya bei yametiwa dawa ya joto. Hiyo dawa ni kitu gani? Haiuzwi nikaitia mwenyewe? Na kwa nini plastiki moja ihimili joto na nyingine isihimili?

Jibu: Marahaba, fundi. Pole kwa hasara. Umefanya vizuri kutaja vile viungo viwili, maana ndivyo vilivyonirahisishia jibu.

Huyo wa tatu hakukudanganya, ila amechanganya mambo mawili. Dawa ya joto ipo, na imo hata kwenye hayo mabomba yako yaliyopinda. Lakini haizuii kilichokupata wewe. Plastiki hushindwa na joto kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulegea: minyororo ya molekuli inapata nafasi ya kutembea, bomba linakuwa laini, ila kemia yake iko vile vile. Ya pili ni kuoza: minyororo yenyewe inavunjika au kupoteza atomu zake, na plastiki inageuka kuwa kitu kingine. Dawa inazuia kuoza. Mabomba yako yalilegea.

Zote mbili umeshaziona kwa macho yako. Ulipotaka kutanua kinywa cha bomba uliwasha karatasi au jiko la gesi, ukazungusha ncha juu ya moto. Baada ya muda mfupi ncha ikaanza kunywea, ukaivisha juu ya bomba jingine ikapanuka, ukaimwagia maji baridi ikakakamaa na umbo jipya. Huko ni kulegea. Na nadhani iko siku uliitwa katikati ya kazi, ukageuza shingo, uliporudi ukakuta upande mmoja umekuwa wa njano, kisha rangi ya chai, kisha mweusi, na moshi unakuwasha puani na kooni. Huko ni kuoza. Kinywa kilicholegea ukikipasha kinalegea tena, ukikipoza kinakakamaa tena. Ile sehemu nyeusi hairudi kuwa PVC hata ufanyeje.

Sasa tuingie ndani ya bomba. PVC ni mnyororo mrefu wa kaboni, na kila kaboni ya pili imebeba atomu moja ya klorini, ile ile inayopatikana kwenye chumvi. Klorini ni nzito, kiasi kwamba asilimia 56.7 ya uzito wa PVC ni klorini. Minyororo hii inavutana, na kwenye baridi imebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni: kila mtu ana uhai wake lakini hakuna anayeweza kugeuka. Ukipandisha joto inatetemeka zaidi na zaidi, mpaka kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi inaachiana na kuanza kuteleza. Hapo ndipo bomba linapopoteza ugumu wake. Na usidhani kwamba chini ya hapo uko salama. Bomba la PVC linalobeba shinikizo, likifika nyuzi 60, linabaki na zaidi kidogo tu ya moja ya tano ya nguvu liliyokuwa nayo kwenye maji baridi. Lililoandikwa bar 10 (bar ni kipimo cha shinikizo) lichukulie kuwa ni bar 2. Tangi la sola lisipotumika siku mbili za jua kali linaweza kupita nyuzi 80 bila shida.

Ndiyo maana viungo vyako ndivyo vilivyotangulia kuachia. Ulipotanua kinywa kwa moto uliivuta minyororo, kisha ukaigandisha ikiwa bado imevutwa. Haikusahau. Maji ya moto yalipoilegeza ikataka kurudi kwenye upana wake wa kwanza, ikalibana bomba la ndani ambalo nalo lilikuwa limelegea, gundi ikaachia, shinikizo la maji likamalizia. Ongeza kwamba ukuta wa kinywa kilichotanuliwa huwa mwembamba kuliko bomba lenyewe. Na huko kupinda kama nyoka ni kurefuka kulikokosa pa kwenda: bomba la PVC la mita 10 likipanda nyuzi 50 linarefuka kama sentimita 3.5. Ukilibana ncha zote mbili, litatafuta njia ya kutokea ubavuni.

Turudi kwenye dawa, maana uliuliza ni kitu gani. Katika kila mnyororo wa PVC kuna klorini chache zilizokaa vibaya, kwenye tawi la mnyororo au jirani na kaboni zilizoshikana mara mbili. Joto likizidi, klorini ya namna hiyo inachomoka pamoja na haidrojeni ya jirani, zinatoka kama gesi ya asidi hidrokloriki. Ndiyo iliyokuwasha puani. Zikishatoka, pale zilipokuwa kaboni zinashikana mara mbili, na klorini inayofuata inakuwa imekaa vibaya nayo. Inatoka. Kisha inayofuata. Mnyororo unafumuka kama sweta lililovutwa uzi, na ile asidi inayotoka inazidi kuharakisha ufumukaji. Hivyo vifungo vya mara mbili vikifika kama saba mfululizo vinaanza kumeza mwanga, nasi tunaona njano. Vikiwa vingi zaidi tunaona kahawia, halafu nyeusi.

Kiwandani unga wa PVC huyeyushwa na kusukumwa kwenye mashine kwa nyuzi 170 hadi 200. Bila dawa ungeungulia ndani ya mashine kabla haujawa bomba. Kwa hiyo hakuna bomba la PVC duniani, la bei au la kutupa, lisilokuwa na dawa. Kwa miaka mingi dawa hiyo ilikuwa chumvi za risasi, unga mweupe mzito, wenye nguvu na wenye sumu. Viwanda vya Umoja wa Ulaya viliachana nazo kufikia mwisho wa 2015, na siku hizi hutumika zaidi sabuni za kalsiamu na zinki, au michanganyiko ya bati. Hapa nasema bati ile metali ya kulehemia, si bati la kuezekea. Dawa nzuri inafanya kazi mbili: inameza asidi kabla haijaharakisha mambo, na inaing'oa ile klorini iliyokaa vibaya na kuweka mahali pake kitu kisichochomoka ovyo. Hiyo kazi ya pili ni kubadilisha mnyororo kwa kemia, japo kwa pointi chache tu.

Nilipoanza kazi ya maabara, jaribio la kwanza nililopewa lilikuwa hili. Unasaga PVC, unaitia kwenye neli ya kioo, juu yake unaning'iniza kipande cha karatasi nyekundu, kisha unaizamisha neli kwenye mafuta ya nyuzi 200 na kushika saa. Unakaa. Hakuna kinachoonekana. Halafu ukingo wa chini wa karatasi unaanza kugeuka buluu, na hapo unasimamisha saa, kwa sababu asidi imeanza kutoka na dawa imekwisha nguvu. Rangi ya karatasi hiyo inaitwa Congo red. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1883, ikauzwa kwa jina hilo siku ambazo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekaa Berlin kugawana bara letu. Na rangi yenyewe haikutoka Kongo. Mpaka leo nikiiona karatasi ile nakumbuka jambo hilo.

Ila angalia kitu kimoja: PVC iliyokaa dakika nyingi kwenye nyuzi 200 bila kugeuza karatasi bado inalegea kwenye nyuzi 80. Dawa haikupandisha hata nyuzi moja ya kulegea. Ukitaka kulegea kupande, huna budi kuubadilisha mnyororo wenyewe, wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Na hiyo ndiyo CPVC. Unga wa PVC unakorogwa na maji kama uji mwepesi ndani ya pipa kubwa lililofungwa, hewa inatolewa, gesi ya klorini inaingizwa, kisha zinawashwa taa za mwanga wa urujuanimno. Mwanga unaikata molekuli ya klorini vipande viwili. Kila kipande, kikiwa peke yake, ni kikali: kinanyakua haidrojeni kutoka kwenye mnyororo, na mahali palipobaki wazi inakaa klorini nyingine. Fikiria ukubwa. Haidrojeni ina uzito wa 1, klorini 35.5. Umetoa punje ya mtama ukaweka kunde. Asilimia ya klorini inapanda kutoka 56.7 hadi kama 67, mnyororo unakuwa mzito, mgumu kujipinda, na minyororo inavutana zaidi. Joto la kulegea linapita nyuzi 110. Kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani ndiyo iliyoliingiza bomba hili sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo mabomba ya CPVC huruhusiwa kubeba maji hadi nyuzi 93.

Kwa hiyo CPVC ni PVC iliyorudishwa kiwandani ikabadilishwa mwili. Bei yake inatoka hapo: klorini zaidi, mapipa yasiyoliwa na asidi, na mashine ngumu ya kuyeyusha, kwa sababu kitu kisicholegea kirahisi bombani hakilegei kirahisi kiwandani pia. Na haikuachana na dawa. Ina klorini nyingi zaidi ya kupoteza na inapikwa kwenye joto kubwa zaidi, hivyo inahitaji dawa nzuri kuliko PVC.

Nawe fundi ina masharti yake. Gundi ya PVC ya kawaida isitumike. Tumia iliyoandikwa CPVC kwenye kopo. Usiipake grisi wala mafuta ovyo kwenye nyuzi za viungo, kwa sababu baadhi ya mafuta huipasua polepole, nyufa ndogo ndogo ambazo utaziona baada ya miezi. Na nguvu yake nayo inashuka na joto: kwenye nyuzi 82 inabaki na robo ya ile ya baridi. Soma daraja la bomba ukiwa na hesabu hiyo kichwani.

Njia nyingine ya kuubadilisha mnyororo huongezi uzito, unajenga madaraja kati ya mnyororo na mnyororo. Hii ni ya zamani kuliko PVC. Mpira wa asili unanata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear, huko Marekani, aligundua kwamba ukiupasha pamoja na salfa unaacha tabia hiyo. Salfa inashika mnyororo huku na mnyororo kule. Matokeo yake yako miguuni kwa watu sokoni. Umewahi kujiuliza kwa nini makatambuga hukatwa kwa kisu kutoka kwenye tairi, na hakuna anayeyeyusha tairi akamimina kwenye kalibu ya viatu? Tairi haliyeyuki. Madaraja ya salfa yameligeuza kuwa kama molekuli moja kubwa, na ukilipasha sana litaungua bila kuwa uji kamwe.

Polietilini, ambayo ndiyo plastiki ya madumu na mifuko, hutendewa hivyo hivyo na kuitwa PEX. Ya kawaida inayeyuka kati ya nyuzi 110 na 130 kutegemea aina. Ikijengewa madaraja, hata fuwele zake, yaani sehemu ambazo minyororo imejipanga vizuri, zikiyeyuka wavu unabaki umeshikana, haimwagiki. Kuna namna tatu kuu. Moja ni kuchanganya peroksaidi inayonyofoa haidrojeni wakati plastiki ingali ya moto. Nyingine ni kuipiga kwa miali ya elektroni bomba likiwa limeshatengenezwa. Iliyobaki ndiyo inayonivutia kuliko zote: unapandikiza kwenye mnyororo vikonyo vya silani, kemikali yenye silikoni, unatengeneza bomba kama kawaida, halafu unaliweka kwenye maji ya moto au mvuke. Maji yanapenya, yanavigusa vikonyo, navyo vinashikana viwili viwili. Yaani maji ya moto yaliyoliua bomba lako ndiyo yanayolikamilisha hili. Viwango vya kimataifa havikubali kuliita PEX mpaka sehemu isiyoyeyuka kwenye kiyeyushi ifike asilimia 70 kwa njia ya peroksaidi, 65 kwa silani, 60 kwa miali.

Muulize jamaa yako fundi umeme naye atakuthibitishia. Waya uliofunikwa kwa PVC unaruhusiwa kufika nyuzi 70, wenye polietilini ya madaraja nyuzi 90. Shaba ni ile ile, lakini unaweza kupitisha umeme mwingi zaidi kwa sababu tu koti lake limebadilishwa kemia.

Wakati mwingine panapohitaji kurekebishwa ni ncha tu. Kuna plastiki ngumu iitwayo asetali, inayotumika kwenye gia ndogo na meno ya baadhi ya zipu. Mnyororo wake unafumukia nchani, kama mkeka usiofungwa ukingo, unarudi kuwa gesi ya formaldehaidi kipande kwa kipande. DuPont waliziba kila ncha kwa kemikali, plastiki ikatulia, wakaiuza kwa jina la Delrin kuanzia 1960. Kampuni ya Celanese ilichukua njia nyingine: ilichomeka katikati ya mnyororo vipande vya aina tofauti, ili ufumukaji ukifika pale usimame.

PPR unayoijua wewe iko kwenye ukoo tofauti kabisa. Haina klorini hata moja. Ni polipropilini ambamo etilini kidogo imetupiwa humo bila mpangilio wakati mnyororo unajengwa. Inayeyuka kwenye nyuzi 140 na kitu, ndiyo maana unaiunga kwa mashine ya nyuzi 260 badala ya gundi. Udhaifu wake uko kwenye kuoza. Kila kipande cha polipropilini kina haidrojeni moja ambayo oksijeni huinyakua kirahisi, na hapo mnyororo unakatika. Huwekewa antioksidanti zinazojitoa mhanga kabla ya mnyororo, nazo hupungua mwaka hadi mwaka. Jua likilipiga moja kwa moja bomba linazeeka mapema, kwa hiyo lile la juu ya paa lifunike.

Halafu kuna hesabu ambayo nadhani kila fundi wa sola angepaswa kuijua. Bomba la PPR la maji ya moto, kwa daraja la 2 la kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, hupangiwa maisha ya miaka 50 namna hii: miaka 49 kwenye nyuzi 70, mwaka mmoja kwenye nyuzi 80, na saa 100 tu kwenye nyuzi 95, kwa ajili ya hitilafu. Saa 100 ni siku nne na saa nne. Boila ya umeme yenye kidhibiti kizima haitazimaliza. Sola ya mirija ya kioo, wageni wakiwa wachache na jua likiwa kali, inaweza kuzimaliza kwenye kiangazi kimoja. Bomba halitapasuka siku hiyo, lakini litakuwa linakula miaka ambayo mwenye nyumba alidhani ameinunua.

Kwa nyumba hiyo ya wageni, basi, ningefanya hivi. Mita mbili au tatu za kwanza kutoka kwenye tangi weka shaba au chuma, kwenye kutoa maji ya moto na pia kwenye kuingiza baridi, maana tangi likichemka joto hurudi nyuma hadi kwenye bomba la baridi na watu wengi husahau upande huo. Baada ya hapo funga vali ya kuchanganya inayoshusha maji hadi nyuzi 60 au chini. Ukishavuka vali hiyo, PPR ya PN 20 (daraja la shinikizo la bar 20 kwa maji baridi) inatosha, na CPVC pia inatosha. Chagua ile ambayo viungo vyake vinapatikana Njombe na ambayo mkono wako umeizoea. Ukichagua PPR kumbuka isiyokuwa na nyuzi za kioo au tabaka la alumini inarefuka karibu mara mbili ya PVC, kwa hiyo acha kona za kujinyoosha na usiibane klipu zote. Hakikisha vali ya kutoa shinikizo kwenye tangi inafanya kazi.

Kutia dawa mwenyewe haiwezekani. Dawa huingia unga ukiwa unga, na kubadilisha mnyororo kunataka gesi ya klorini, peroksaidi au mashine ya miali. Hakuna cha kupaka juu ya bomba lililokwisha kutengenezwa, na akija mtu kukuuzia kitu cha namna hiyo usikinunue.

Mabomba uliyoyatoa, yale yaliyobaki manyoofu unaweza kuyatumia kwa maji machafu au bomba la kutolea hewa, yasiwekwe tena kwenye shinikizo. Yaliyopinda na viungo vyote vya moto vikate uvitoe. Usivichome, wala usimpe mtu akawashie jiko: gesi ile iliyokuwasha kwa ncha moja ya bomba, ukichoma rundo zima jikoni kwa mtu, inaweza kumharibu mapafu.